Kaye mbili zikutane

Mwaka 2020 wakaguzi wa IGF walichunguza SECOPE, ofisi iliyokuwa ikitayarisha wakati huo mishahara ya walimu wa nchi yetu. Walikuta shule za hewa: hakuna jengo, hakuna mtoto, lakini mshahara unatoka. Na walimu wangapi hapa Maniema wanafundisha bila mshahara!

Mkaguzi hawezi kutembelea kila shule. Ndiyo maana wakaguzi wa hesabu hufunzwa programu za kompyuta kama IDEA na ACL. Mwanzoni wanajifunza kupanga majina na kujumlisha. Wakipanda kiwango, wanaunganisha orodha mbili: ya wanaolipwa na ya walio kazini kweli. Jina lililo katika moja na kukosekana katika nyingine linajitokeza lenyewe. Vilevile risiti iliyoandikwa mara mbili, au namba iliyorukwa. Programu haisemi nani mwizi. Inaonyesha tu pa kuuliza.

AVEC zetu hazina kompyuta, lakini zina kaye ya karani na kijitabu cha kila mwanachama. Kwa nini tungoje siku ya kugawa ndipo tuzilinganishe, wakati kosa la mwezi wa pili hakuna anayelikumbuka tena? Kila mwisho wa mwezi, mama asiye karani asome kaye kwa sauti, wengine wafuate katika vijitabu vyao. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa darasa la tano. Tofauti ikionekana, hata ya franka 500, iandikwe siku hiyo hiyo, na karani aeleze mbele ya wote, kabla maneno hayajafika sokoni.