Panga Imara Hujulikana kwa Mpini

Ukienda dukani kununua panga, usidanganywe na kung'aa. Wakulima watakwambia: tazama mpini kwanza. Katika panga imara, chuma hufika mpaka mwisho wa mpini, kikakazwa kwa ribiti. Kikiishia katikati, siku moja utakata kisiki, chuma kichomoke, kimrukie mwenzako!

Je, chuma gani? Wachungaji husifu sime iliyofuliwa na mhunzi kutoka kwa springi kuukuu ya gari. Chuma hicho hupindika kidogo kisha kikarudi, hakivunjiki ovyo. Lakini hushika kutu upesi, kwa hivyo kipanguse ukipake mafuta. Makali yakiisha, tafuta tupa, sio kusugua ukutani. Wahenga hawakukosea: kinolewacho hupata.