Dawa Isiyotibu: Vodka, Ndimu na Asali

  Leo tutazungumza juu ya kinywaji ambacho jina lake linawachanganya watu wengi. Kinaitwa dawa.

Hapa Kenya kuna dawa za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya mikahawani, iliyotengenezwa kwa maji moto, limau, tangawizi na asali. Mtu mwenye mafua huinywa polepole na koo lake likapata nafuu. Hiyo haina pombe. Ya pili ni dawa ya baa, yaani vodka, ndimu, sukari, asali na barafu. Hii ndiyo iliyojulikana na watalii wengi kupitia mkahawa wa Carnivore, Nairobi, ambako huja na kijiti kilichopakwa asali. Siku hizi watu wengi huitengeneza nyumbani wakati wa Krismasi, siku ya kuzaliwa, au wanapotembelewa na wageni.

Swali letu la leo ni hili: ukiichanganya mwenyewe nyumbani, je, unajua ni pombe kiasi gani umemtilia mgeni wako?

Hebu tuanze na ulimi. Vodka ya kawaida ina alkoholi ya asilimia 40. Ukiinywa tupu, koo linawaka, macho yanatoa machozi, nawe unaweka glasi chini. Huko kuwaka ni onyo la mwili. Sasa tia ndimu: ukali wa ndimu unafunika ukali wa pombe. Tia asali: utamu unafunika uchungu. Tia barafu: ubaridi unatuliza koo. Onyo limeondoka, lakini pombe yote imebaki. Ndiyo maana mtu asiyeweza kumaliza chupa moja ya bia anaweza kunywa glasi tatu za dawa kama sharubati, halafu akashindwa kuinuka kitini.

Kwa hiyo, msikilizaji, ikiwa wewe ni mtu mzima na umeamua kunywa, pima. Hauhitaji vyombo vya baa. Chukua kijiko kikubwa cha mezani cha kupimia, ambacho hubeba mililita 15. Kwa glasi moja, kata ndimu moja vipande vinne, uviweke ndani ya glasi pamoja na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Viponde kidogo kwa mchi mdogo au mpini wa mwiko mpaka maji yatoke. Usiviponde sana, kwa sababu ganda la ndimu likisagika huleta uchungu. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha asali na ukoroge vizuri kabla ya kutia barafu, maana asali ikipata baridi huganda chini. Kisha pima vodka vijiko vikubwa vitatu, usizidishe. Jaza barafu na ukoroge kwa kijiti.

Sasa tufanye hesabu. Vijiko vitatu ni mililita 45. Asilimia 40 ya hizo ni mililita 18 za alkoholi halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye alkoholi ya asilimia 4 ina mililita 20. Kwa hiyo glasi hii ndogo ni karibu sawa na chupa nzima ya bia. Lakini mwenyeji mkarimu akimimina kwa kukisia hadi nusu ya glasi ya mililita 250, amemtilia mgeni mililita 125 za vodka. Hizo ni sawa na bia mbili na nusu, katika glasi moja, na mgeni anasema tu, "Ni tamu, niongeze."

Ini la mtu mzima huchukua takriban saa mbili kuondoa pombe ya glasi ile iliyopimwa. Kahawa, supu au kuoga maji baridi havitaliharakisha. Kunywa baada ya kula, kunywa polepole, na baada ya glasi moja kunywa maji.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kupima kunapunguza hatari, lakini hakuimalizi. Na usimpe mgonjwa wa mafua dawa hii ya baa ukidhani itampasha moto. Pombe huleta damu karibu na ngozi, hivyo mtu huhisi joto huku mwili wake ukipoteza joto.

Wako ambao hawafai kuinywa kabisa: mama mjamzito, mtu atakayeendesha gari au bodaboda, mtu mwenye ugonjwa wa ini, na kijana aliye chini ya miaka 18. Anayetumia dawa za hospitali, hasa za kisukari, kifua kikuu, usingizi au Flagyl, amuulize kwanza daktari au mfamasia. Watu hawa watengenezee dawa hiyo hiyo bila vodka, na badala yake utie maji baridi au soda ya maji. Ladha yake ni nzuri, na hakuna atakayejiona ametengwa.

Jambo jingine kubwa ni vodka yenyewe. Mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 watu wengi walikufa Embu na kaunti nyingine kwa sababu hiyo hiyo. Methanoli haionekani kwa macho, na ladha tamu na kali ya dawa inaweza kuificha zaidi. Ndimu haiui methanoli, wala asali haiipunguzi nguvu. Nunua kwenye duka lenye leseni, angalia kifuniko hakijafunguliwa na stempu ya ushuru ipo. Vodka ya bei ya kutupa, au iliyojazwa kwenye chupa ya maji, iache huko huko.

Mtu akinywa, kisha baada ya saa kadhaa au kesho yake akaumwa na tumbo, akatapika, akahema kwa kasi au akaona ukungu machoni, mpeleke hospitali mara moja. Usiseme ni uchovu wa pombe tu. Na aliyelewa hadi haamki ukimwita, mlaze kwa ubavu ili asisongwe na matapishi, mtafutie usafiri wa hospitali, wala usimwache peke yake.

Mwisho, wageni wakiondoka, usiache glasi mezani hadi asubuhi. Mtoto anayeamka mapema ataona ndimu, ataonja asali, naye atakunywa yaliyobaki. Pombe kidogo tu inaweza kushusha sukari ya damu ya mtoto mdogo hadi akapoteza fahamu. Mwaga masalio, osha glasi, funga chupa kabatini.

Basi, msikilizaji, kumbuka mambo matatu. Utamu hauondoi pombe. Kijiko ni rafiki yako kuliko macho. Na jina la dawa halitibu ugonjwa wowote. Ikiwa unaona kunywa kumekushinda, au kumemshinda ndugu yako, piga simu 1192 ya NACADA. Haina malipo.

Kinga ni bora kuliko tiba. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.