Kamasi zisizokwisha: Huenda mtoto ana mzio

Mvua zimepungua, nyasi zimekomaa kando ya barabara, na mwanao wa miaka miwili anatokwa na kamasi nyepesi kama maji mchana kutwa. Kila asubuhi anapiga chafya mfululizo. Anajisugua pua na macho kwa kiganja. Homa hana, na anacheza kama kawaida. Je, ni mafua au ni mzio, ule ambao wengi wetu huuita aleji?

Mafua huletwa na virusi, na kwa kawaida hupungua baada ya wiki moja au siku kumi. Mtoto huweza kupata joto na kukataa chakula. Mzio hauleti homa, huendelea kwa majuma mengi, na dalili yake kubwa ni mwasho. Shuku zaidi ikiwa wewe au mwenzako mna pumu, au mtoto ana ukurutu. Lakini kamasi zikitoka tundu moja tu la pua na zikinuka, tafuta sababu nyingine: huenda ametia punje ya harage humo!

Wakazi wa Nairobi hupenda kuulaumu mjakaranda unapochanua kuanzia Septemba. Mti huo unaonewa. Chavua yake ni nzito na hubebwa na nyuki. Chavua inayopeperushwa na upepo hadi puani ni ya nyasi, ambazo huchanua baada ya mvua. Hata hivyo, mtoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kusumbuliwa na chavua, kwa kuwa mwili huhitaji misimu kadhaa kabla ya kuanza kuikataa.

Kwa hiyo, kabla ya kukata ua la jirani, kagua kitanda. Katika godoro, mito na wanasesere wa manyoya huishi vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, na kinyesi chao huleta mzio. Fua shuka na blanketi kila wiki kwa maji ya moto. Anika godoro juani. Panguza sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi likaruka, na uwaangamize mende jikoni. Moshi wa sigara, wa jiko la makaa na wa dawa ya mbu ya kuwasha huzidisha taabu. Chandarua kitamkinga na mbu bila kumkera pua.

Msimu wa nyasi ukifika, mnawishe uso na umbadilishe nguo akitoka kucheza, na nguo zake usizianike karibu na majani.

Pua ikiziba, tumia matone ya maji ya chumvi kutoka duka la dawa. Ukipenda kutengeneza mwenyewe, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia matone mawili kila tundu kabla ya kula na kulala. Tengeneza mengine kila siku.

Dawa ndiyo inayonitia wasiwasi. Wazazi wengi hununua sharubati ya mafua, na wengine hufurahi kwamba mtoto "amelala vizuri". Usingizi huo ni wa dawa, wala haumaanishi amepona. Promethazini haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kumzuia kupumua. Zipo dawa za mzio zisizolevya sana, kama setirizini, lakini kipimo chake kitoke kwa daktari.

Akianza kukohoa usiku au kifua kikilia kama filimbi, mpeleke akapimwe pumu. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 40 kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, au 50 kwa mchanga wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, ondoka naye papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.