Noeli Inaanza na Muhogo

Chakula cha tarehe 25 Desemba kinaanza kutayarishwa wiki mbili mbele.

Tuanze na muhogo mchungu. Uloweke siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha uanike juani ukauke kabisa, ndipo usagwe. Mwenye haraka akikata siku za kuloweka, sumu inabaki ndani ya unga: wageni wanaumwa kichwa, wanatapika, na mtoto anaweza hata kufa. Kuula muhogo wa namna hiyo kwa muda mrefu huleta konzo, ugonjwa unaolemaza miguu. Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemke sana.

Wiki moja mbele, nunueni chumvi, mafuta na mchele kule Ariwara au soko la karibu. Gunia la makala, kikundi kinunue pamoja na kugawana.

Usiku wa tarehe 24, loweka maharagwe. Asubuhi mwaga maji yale. Yataiva upesi, makala yatabaki. Nyama inunuliwe mwisho, ipikwe siku ile ile.

Watoto wakubwa na wababa wapewe kazi zao mapema: maji, kuni, vyombo. Mama naye akae, ale na wenzake.