Vikombe vya Urithi: Vipimwe Kabla ya Kugawanywa

Seti ya vikombe vya kahawa iliyoachwa na wazee huweza kuzusha ugomvi wa urithi: mmoja husema ni vyombo vikuukuu, mwingine husema ni mali. Ndugu wasomaji wa Cibitoke, vipimeni kwanza.

Kipindueni kikombe, msome kitako na maandishi yake. Jina la Usumbura au Ruanda-Urundi kwa kawaida huonyesha kuwa kilitengenezwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Maneno "Royaume du Burundi" ni ya kati ya 1962 na 1966. Alama ya Boch, La Louvière, ni ya kiwanda cha Ubelgiji kilichoanzishwa mwaka 1841.

Kisha kigongeni kwa ukucha: kikombe kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Mdomo uliomeguka, au dhahabu iliyofutika kwa kusuguliwa na majivu, hupunguza bei.

Umri peke yake si thamani. Bei ya kweli ni fedha iliyokwisha kulipwa kwa seti kama hiyo, si ile inayotajwa na muuzaji. Waulizeni wanunuzi wawili au watatu.

Zaidi ya yote, msigawane kikombe kimoja kimoja, kwani seti kamili yenye sahani zake hushinda vikombe vilivyotawanyika. Mmoja aichukue yote, naye awalipe wenzake mafungu yao.