Kinywe, grafini na kijazo: "iliyoboreshwa" au "iliyobadilishwa"?

Matini za kihandisi kuhusu plastiki zilizotiwa kaboni humkabili mtafsiri kwa istilahi zinazokaribiana na kitenzi kimoja chenye mtego.

Kinywe ni madini meusi, laini, ya kaboni. Ndiyo yaliyomo katika penseli. Nchini Tanzania hupatikana Mahenge na Ruangwa, miongoni mwa sehemu nyingine. Baadhi ya waandishi husema *grafiti*. Kinywe ni matabaka yaliyolaliana: unene wa milimita 1 una matabaka takriban 3,000,000.

Grafini ni tabaka moja tu kati ya hayo, lenye unene wa atomu moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga Manchester mwaka 2004 kwa kubandua kinywe kwa utepe wa gundi. Kwa hiyo, *kinywe* na *grafini* si visawe.

Kompositi ni mata iliyoundwa kwa vitu viwili au zaidi ambavyo kila kimoja hubaki na umbo lake, kama zege na nondo zake. *Mchanganyiko* ni neno pana mno kwa dhana hii.

Kijazo hutokana na *-jaza*, lakini kazi yake si kujaza nafasi tu. Masizi yanayotiwa katika mpira wa tairi huuimarisha. Grafini nayo huweza kuipa polima uimara na uwezo wa kupitisha umeme.

Tatizo ni kwamba matabaka ya grafini hushikamana na kufanya mabonge ndani ya polima. Ili yatawanyike, wakemia huyaunganisha na oksijeni au molekuli nyingine. Oksidi ya grafini hutawanyika vyema katika maji, ila karibu haipitishi umeme, kwa kuwa oksijeni imekatiza njia za elektroni. Uwezo huo hurejea, japo si wote, oksijeni inapoondolewa. Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walifuata njia hiyo katika polistirini; grafini ya asilimia 0.1 tu ya ujazo ilitosha kuifanya plastiki ianze kupitisha umeme.

Hapo ndipo *iliyoboreshwa* inapopotosha. Kitenzi *-boresha* hutoa hukumu kwamba kitu kimekuwa bora. *-Badilisha* hueleza tendo bila kuhukumu. Linganisha:

- *Kijazo ni grafini iliyoboreshwa kwa oksijeni.* (Epuka.)
- *Kijazo ni grafini iliyobadilishwa kwa oksijeni.* (Inapendekezwa.)

Tuseme fundi anatafuta plastiki ya kupitisha umeme tuli usije ukaunguza kifaa. Akisoma sentensi ya kwanza, ataichagua mata hiyo kwa imani, kumbe imepoteza sifa ileile aliyoihitaji. Tumia *-boresha* pale tu matini chasili inapotaja sifa iliyoongezeka, na uitaje sifa hiyo: *grafini iliyobadilishwa ili kuboresha mtawanyiko wake*.