Hesabu za Mnyakaji

Waendesha bodaboda wa Otonglo, pale kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, hawahitaji kufundishwa habari za 1987. Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika bila kushinda mechi yoyote ya fainali. Ilitoka 2-2 na Espérance kule Tunis, ikatoka 1-1 nayo Nairobi. Jumla ni 3-3, lakini Gor Mahia ilikuwa na mabao mawili ya ugenini na Watunisia moja tu. Kombe likabaki Kenya.

Wanachokisahau wengi ni kwamba mtu aliyewahi kukaa langoni mwa Gor Mahia hiyohiyo alikuja kuitumia kanuni hiyo ya bao la ugenini kwa namna nyingine kabisa, tena akiwa na timu ya Tanzania. Huyo ni marehemu James Siang'a, aliyefariki mwaka 2016. Alikuwa katika kikosi cha Harambee Stars kilichokwenda Kameruni mwaka 1972, Kenya iliposhiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Alipotundika glovu akawa kocha, na jina lake hasa likang'aa Msimbazi, alipoifundisha Simba.

Mwaka 2003 Simba ilipangiwa Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Afrika. Dar es Salaam, Simba ilishinda 1-0. Shabiki wa kawaida huliona hilo kuwa bao dogo mno la kusafiri nalo Cairo. Mimi naliona kuwa tokeo zuri kuliko linavyoonekana, na sababu ni ile sifuri.

Chukua kalamu. Tuseme Dar ingemalizika 2-1. Tofauti ni ileile ya bao moja, ila sasa Mmisri amefunga ugenini. Akishinda 1-0 kwake, jumla inakuwa 2-2 naye anapita. Kwa 1-0 ya Dar, Zamalek ikishinda 1-0 Cairo mizani inalingana kabisa, hakuna wa kupita mpaka penalti. Na kama Simba ingepata hata bao moja kule, Zamalek ingelazimika kufunga matatu. Kutofungwa nyumbani, basi, kulikuwa na thamani kuliko kuongeza bao la pili huku lango limeachwa wazi.

Zamalek ilishinda 1-0 kweli. Zikapigwa penalti, Juma Kaseja akiwa langoni, na Simba ikapita kwa 3-2, ikaingia hatua ya makundi. Bingwa wa Afrika akavuliwa taji mbele ya watu wake.

Sisemi kwamba kila mnyakaji ni kocha mzuri. Wapo waliofundisha ovyo. Lakini mchezaji pekee anayeutazama uwanja mzima kwa dakika tisini, akiwapanga mabeki kwa sauti na kujua kwamba kosa lake moja huandikwa ubaoni, huizoea hesabu ya sifuri mapema. Jacob “Ghost” Mulee naye alitoka langoni, na ndiye aliyekuwa kwenye benchi Kenya ilipoifunga Burkina Faso 3-0 mwaka 2004, ushindi wetu wa kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa.

Ulaya iliifuta kanuni ya bao la ugenini mwaka 2021. Chini ya utaratibu huo mpya, Gor Mahia ya 1987 ingelazimika kucheza muda wa ziada pale Nairobi.